Karavani ya Tisa

Karavani nane walizokwisha kuziona zote zilikuwa na kasoro, na Mwanaisha alikuwa amechoka hata kukasirika. Moja inavuja, nyingine choo kimeziba, ile ndefu haina hita, na baridi ya jangwani ikifika Januari haina mzaha. Madamu, bosi wake, alishasema kwenye simu: chagua leo hii, wewe ndiye utakayelala humo mpaka Machi ukilinda kambi ya familia, usije kunilalamikia. Kassim, dereva wa nyumba, mtu wa Unguja, yeye alikuwa akiinamia tairi na kuguna tu.

Ya tisa ilikuwa peke yake nyuma kabisa ya yadi, huko Umm Salal, nje ya Doha. Kwa mazoea ya kwao Tanga, Mwanaisha akagonga, akasema, "Hodi."

"Karibu," akajibiwa.

Akadhani ni Mtanzania mwenzake anafanya usafi. Akaingia. Hamna mtu, harufu ya udi tu, kama chetezo kimeondolewa sasa hivi. Angetoka, lakini jamani, mlango ule ulikuwa na komeo kwa ndani! Miaka mitatu alilala chumba cha kufulia, katikati ya mashine mbili, akigongewa saa yoyote: lete chai, piga pasi, mtoto analia. Alichotaka duniani ni mahali pa kujifungia asitumwe na mtu. Akamwambia Kassim ni hii hii, twende zetu.

Kambi ikasimamishwa jangwani. Siku za kazi familia ilirudi Doha, akabaki yeye na mchanga. Alasiri ya kwanza akatia komeo, akajinyoosha, akashusha pumzi.

"Chai," sauti ikamwambia sikioni.

Kesho yake ikamwita mvivu. Siku ya tatu shuka alizokunja zilikunjuka zenyewe, akazikunja tena, zikakunjuka tena, na udi ukazidi mpaka macho yakamchoma, na nyayo zikawa zinamfuata kutoka jikoni hadi kitandani, akisimama zinasimama, akienda zinaenda, naye hasira zikampanda kuliko hofu, akampigia Kassim huku analia.

"Kaka Kassim, nimekimbia bosi mmoja nimeangukia kwa mwingine."

Kassim akamleta Ustadhi Abubakari, mlinzi wa hoteli mwenye sifa ya kusomea watu. Ustadhi aliuliza kwanza kama alipiga hodi, na kama alikaribishwa. Mwanaisha akakubali yote.

"Basi humu wewe ni mgeni," akasema taratibu. "Umekaa, hujaaga. Mwenyewe anakutumikisha."

Akasoma tangu adhuhuri hadi alasiri, karavani ikitikisika, vikombe vikigongana kabatini, mpaka mlango ukafunguka wenyewe na ile harufu ikawapita wote watatu, ikashika njia ya mjini.

Siku tatu Mwanaisha alilala usingizi ambao hajaulala tangu aje Qatar.

Ijumaa familia ikaja. Madamu akaingia karavanini peke yake bila kugonga, akaketi kitandani. Mwanamke huyu kwa miaka mitatu hakuwahi kujifunza hata neno moja la Kiswahili. Alimtazama Mwanaisha, akatabasamu, akanyoosha mkono akatia komeo.

"Nimepata nyumba kubwa," akasema, kwa Kiswahili cha pwani kabisa. "Fungasha, turudi mjini. Utalala miguuni pangu, nisipate tabu ya kukuita."