Kesho Usipande Trekta

"Kesho usibande trekta."

Rukiyo alisema hivyo kwa lafudhi yake ya Kisomali, huku akimmiminia Gichuki maziwa ya ngamia. Hakumtazama usoni.

"Nisipande? Kwa nini?"

"Sema unaumwa tumbo. Sema chochote."

"Mimi ndiye dereva, Rukiyo. Nisipopanda mimi, nani atapanda?"

Maziwa yakamwagika mchangani. Akafunga chombo chake haraka haraka, akajitanda shuka na kuondoka bila hata kudai malipo.

Gichuki alibaki na kikombe mkononi. Alikuwa kijana wa Nyeri, aliyeletwa karibu na Hadado, kaskazini mashariki mwa Kenya, kuendesha trekta la kusomba udongo wa silanga, lile bwawa kubwa ambalo serikali ilisema litawapa watu na mifugo maji hata wakati wa kiangazi. Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya, vilikuwa vimepamba moto, na kila asubuhi askari walitangulia mbele ya wafanyakazi wakiwa na bunduki. Katikati ya hayo yote, yeye na muuza maziwa huyo walikuwa wamependana.

Lakini wiki ile alikuwa amesikia kwamba Noordin, mfanyabiashara wa Mandera, ameleta ngamia nyumbani kwa kina Rukiyo. Ngamia wa posa. Rukiyo mwenyewe hakuwa amemwambia neno.

"Kwa hiyo hataki nionekane nikipita kwao kesho," aliwaza. "Bwana harusi anakuja!"

Hakulala vizuri. Kulipokucha alimfuata Kasyoka, dereva mwenzake kutoka Kitui.

"Kasyoka, nishikie trekta leo. Nina shughuli."

"Shughuli gani huku nyikani? Ya maziwa?" Kasyoka akacheka. "Nenda, bwana. Lakini utanipa sigara zako zote."

Gichuki akaenda moja kwa moja kwa Mzee Kulow, baba yake Rukiyo. Alimkuta amekaa mbele ya nyumba yake ya mikeka.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Kaa. Kunywa shai." Mzee alimwangalia. "Wewe ni yule wa trekta."

"Ni mimi. Mzee, nimekuja kumwomba Rukiyo. Nataka kumwoa."

Mzee Kulow hakukasirika. Alionekana amechoka tu.

"Wewe si Muislamu. Wewe si Msomali. Halafu unachimba ile shimo."

"Ni maji yenu, mzee. Nachimba kwa ajili yenu."

"Maji yetu? Watu wanasema maji ikijaa, serikali itatukusanya hapo kama mbuzi, itatuzungushia waya. Wengine wanasema hapana, ni maji tu. Mimi sijui. Nina mtoto mmoja msituni anasema hivi, nina mtoto mmoja nyumbani anasema vile. Mimi ni mzee, nifuate nani?"

Gichuki alifungua kinywa aulize kuhusu Noordin, na hapo ndipo ardhi ilipotikisika. Mlio ulikuja nyuma yake, mzito, kutoka upande wa silanga.

Rukiyo akatoka nyumbani mbio. Alipomwona Gichuki akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Uko hapa!" Akashika kifua. "Alhamdulillahi. Uko hapa!"

Kisha uso wake ukabadilika.

"Nani yuko kwenye trekta?"

"Kasyoka," Gichuki alijibu, na alipolitaja jina hilo ndipo alipoelewa. "Rukiyo... ulijua?"

Rukiyo akakaa chini mchangani, akajifunika uso.

Kasyoka hakufa. Bomu lililotegwa njiani lilipindua trekta na kumsaga mguu wa kushoto. Gichuki alifika akakuta wanampakia kwenye lori kumpeleka hospitali ya Wajir, naye akimwita mama yake kwa Kikamba. Afisa wa jeshi alikuwa amesimama na Muriuki, msimamizi wa kazi.

"Ndiye huyu," Muriuki akasema. "Dereva wa zamu."

"Kwa nini hukupanda leo?" afisa akauliza.

"Nilikuwa na shughuli."

"Siku zote unapanda. Leo bomu limelipuka, leo una shughuli. Nani alikuonya?"

"Hakuna."

"Gichuki, sema!" Muriuki alimshika bega. "Wewe ni mtu wa kwetu. Utafungwa pamoja na mashifta kwa sababu ya nani?"

Gichuki alitikisa kichwa. Je, alikuwa anamlinda mpenzi wake au adui yake? Yule aliyemwokoa yeye ndiye aliyenyamaza mwenzake akavunjwa mguu. Angemtaja, angemwua. Asipomtaja, angemwangaliaje Kasyoka machoni?

"Mfungeni pingu," afisa akaamuru.

"Mwachie!"

Rukiyo alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi, baba yake akimfuata kwa mbali na kumwita arudi.

"Ni mimi nilimwambia asibande. Yeye hakujua kitu, wallahi. Mwachie."

"Na wewe ulijuaje?"

"Kaka yangu Jelle alikuja kuchukua chakula. Akasema watu wa trekta watalia." Akameza mate. "Alisema kuna ingine. Iko juu ya ukuta wa silanga, upande wa kulia. Msipite hapo."

Afisa hakumwamini. Hata hivyo wataalamu wake wa mabomu walitambaa kwenye ukuta ule wa udongo wakachokora polepole, na kweli, wakalitoa. Lilikuwa limefukiwa mahali ambapo wafanyakazi hukaa kula mchana.

Muriuki aliketi juu ya jiwe.

"Sasa huyu tumshukuru au tumfunge?" akauliza.

Walimfunga Rukiyo, Gichuki wakamwachia. Mzee Kulow alisimama kando ya barabara hadi vumbi la lori likaisha, hakumlaani mtu wala hakulia.

Gichuki aliruhusiwa kumwona Rukiyo katika gereza la Wajir baada ya kuomba sana. Walizungumza mlangoni, askari katikati yao.

"Kwa nini uliniambia mimi peke yangu?" ndilo lililomtoka kwanza.

"Ningeambia wote, askari wangemfuata Jelle wamuue. Nilisema nitaokoa mmoja huku, mmoja kule. Nikadhani inawezekana." Machozi yalimtoka. "Uliponiuliza nani atapanda, nilisikia. Nilikimbia kwa sababu nilielewa kuna mwingine atapanda."

"Kasyoka wamemkata mguu."

"Najua. Aliumia kwa sababu yangu, ndiyo maana nilikuja kusema."

"Na Noordin?"

Rukiyo alimtazama kama hakuelewa swali.

"Noordin? Nilimkataa kabla ya yote. Ngamia wake walikuwa wanasubiri kunyweshwa tu, warudi Mandera. Ulikuja kwa baba kwa sababu ya Noordin?"

"Nilidhani unanificha habari zake."

"Kwa hiyo ni wivu ndio umekuokoa." Alitaka kucheka, akashindwa. "Gichuki, unanipenda bado?"

"Ndiyo. Na nakuogopa. Sijui lipi ni kubwa."

Kutoka pale alikwenda kwa Kasyoka hospitalini na kumweleza yote. Kasyoka aliangalia dari.

"Sigara zangu uko nazo?" aliuliza.

Gichuki akampa paketi.

"Mwambie huyo msichana sijamsamehe. Lakini mwambie pia nilikuwa nakaa kula pale kwenye ukuta, kila siku, na wenzangu kumi. Wewe mwoe. Mimi harusini siji."

Mwaka uliofuata mapatano yalitangazwa redioni, na walioko msituni wakaambiwa warudi. Rukiyo aliachiliwa. Gichuki alisilimu, akapewa jina la Ibrahim, ambalo mama yake kule Nyeri hakulitamka hata siku moja. Wakati huo silanga lilikuwa limekamilika na mvua imelijaza. Watu hawakuzungushiwa waya hapo, ingawa kwingine walizungushiwa, na hakuna aliyejua kwa nini huku siyo na kule ndiyo.

Siku ya nikaha, ambayo Mzee Kulow aliikubali hatimaye, bwana harusi aliwekwa kula sinia moja na mtu mwembamba, mwenye ndevu za vumbi.

"Unanijua?" yule mtu akauliza.

"Wewe ni Jelle."

"Ile bomu ya kwanza niliweka mimi. Ya pili si mimi, lakini nilijua." Jelle hakuwa amegusa chakula. "Sikujua wewe ni nani. Nilimuuliza Rukiyo, wako ni yupi kati yao? Akakataa kusema."

"Angesema, ungeiondoa?"

Jelle alizungusha kidole kwenye ukingo wa sinia.

"Sijui."

Wazee walikuwa wanawaangalia. Mzee Kulow alikuwa ameacha kutafuna. Ndani, wanawake waliimba, na sauti ya Rukiyo ilisikika ikicheka kwa mara ya kwanza tangu kifungo.

"Umenisamehe, shemeji?" Jelle akauliza.

"Na mimi sijui."

Gichuki akavunja kipande cha nyama, akakisogeza upande wa Jelle.

"Lakini kula," akasema. "Kinapoa."