Kobe Aliyeacha Kujificha

Mvua ya masika ilikuwa imekaa kijijini Igombe kama mgeni asiyetaka kuaga. Asubuhi ilinyesha. Mchana ilipumzika. Jioni ilirudi.

Selina alisimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mikono kiunoni, akizitazama dagaa zake. Alikuwa amezianika juu ya nyavu kuukuu, mchangani karibu na ziwa. Bado zilikuwa laini kama ulimi. Nzi walikuwa wamezijaa, weusi, wanavuma.

"Mama Odeta, utapepea mpaka mkono ung'oke," alisema Shimba, jirani yake. Shimba alilima nyanya karibu na ziwa. Siku hiyo alikuwa amebeba chupa ya maji ya kunywa. Lakini ndani hamkuwa na maji. Kulikuwa na kitu cheupe kama maziwa.

"Ni nini hiyo?"

"Dawa ya nyanya. Tia kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji, nyunyiza. Hutaona nzi."

"Na watu watakaokula?"

"Jua litaiunguza. Nyanya zangu mnakula kila siku. Nani amekufa?"

Selina alicheka kidogo, lakini moyo wake haukucheka. Alizitazama tena dagaa. Mfanyabiashara wa mjini angekuja kesho kuzichukua. Dagaa zenye nzi yeye hazitaki. Akaipokea chupa.

Alinyunyiza. Nzi wakaruka kwa pamoja. Waliobaki walianguka juu ya wavu, miguu juu. Selina alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Na jua nalo likatoka, likawaka mpaka jioni.

Alijaza magunia, akayapanga ukutani kwake. Dagaa zilizovunjika haziuzwi. Hizo alizitia kwenye ndoo ndogo karibu na jiko, kwa ajili ya mboga ya nyumbani.

Nyumbani waliishi watu watatu. Selina mwenyewe. Binti yake Odeta, wa darasa la tatu. Na mama mkwe wake, Bibi Malimi. Masele, mume wa Selina, alikuwa Nansio, ng'ambo ya ziwa, kwa kazi ya ujenzi. Lakini Odeta alisema wao ni wanne, kwa sababu ya Ngosha.

Ngosha alikuwa kobe wa ziwani. Alinaswa kwenye wavu akiwa mdogo kama kifuniko cha kikombe, Masele akamletea mtoto. Jina alipewa na Bibi Malimi. "Anatembea kama mwanamume aliyetumwa kuchota maji," alisema Bibi. "Basi na aitwe Ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma."

Alikaa kwenye beseni kubwa uani. Ukimgusa, alikunja shingo upande na kukificha kichwa chini ya ukingo wa gamba. Odeta aliupenda mchezo huo. Kila akirudi kutoka shule aligonga gamba kwa kidole.

"Hodi."

Kichwa kinapotea.

"Hayupo," anasema Odeta, na kucheka peke yake.

Siku iliyofuata, mchana, Selina alikuwa anachambua mchele. Alimsikia Odeta akigonga gamba uani. "Hodi." Kisha kimya. Kisha tena, "Hodi." Kisha sauti ya mtoto ikawa nyembamba.

"Mama. Ngosha hajifichi."

Selina alitoka. Kobe alikuwa amelala kwenye maji, shingo yake imenyooka nje kama kamba iliyolowa. Selina alikigusa kichwa. Hakikurudi. Aliinua mguu mmoja wa kobe, akauachia. Ukaanguka. Mdomoni mlikuwa na povu.

Jana tu alikuwa mzima.

Bibi Malimi alikuja akijishikilia ukuta. Alimtazama kobe muda mrefu.

"Amepokea," alisema polepole.

"Amepokea nini, mama?"

"Kuna kitu kilikuwa kinakuja katika nyumba hii. Mnyama amekipokea. Nani alipita hapa jana?"

"Hakuna aliyepita."

"Yupo. Fikiri vizuri. Kikimshinda mnyama, kitamfuata mtoto."

Selina aliogopa. Alijua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Huanzia kwa kobe, yakaishia mlangoni kwa jirani, watu wakiwa na fimbo. Lakini alikuwa na hofu nyingine pia, chini ya hiyo. Hofu hiyo hakutaka kuitazama. Alimwambia Odeta aende jikoni akapumzike. Mtoto alikuwa anatoa jasho, ingawa hewa ilikuwa ya baridi.

"Hodi hapa. Kuna kuku wa kuchanja?"

Alikuwa Kokugonza, daktari wa mifugo wa kata. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwatia kuku machoni dawa ya kideri, ugonjwa unaoua kuku. Alikuwa dada wa Kihaya, mrefu, na buti zake zilijaa tope.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kuku tunao, lakini leo nyumba ina mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe ni kobe. Utatucheka."

"Siwezi kucheka, Bibi. Shule nilifundishwa sana ng'ombe, kobe kidogo tu. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Naomba nimwone."

Kokugonza alichuchumaa. Alimulika macho ya kobe kwa tochi ya simu. Alibonyeza miguu. Aliyanusa maji ya beseni.

"Alianza lini?"

"Leo. Jana alikuwa mzima kabisa."

"Anakula nini?"

"Dagaa, kama sisi."

"Mama Odeta, kuna dawa yoyote imetumika hapa? Ya kupe, ya mende, ya shambani?"

Macho ya Selina yalikwenda ukutani, kwenye magunia. Gari la mfanyabiashara lilikuwa njiani.

"Hapana," alisema.

Neno hilo lilitoka haraka mno. Yeye mwenyewe alilisikia. Kokugonza aliinuka, akatembea taratibu mpaka kwenye ndoo ndogo karibu na jiko, akainama.

"Ajabu," alisema. "Kwa mvua hii nimepita nyumba nyingi, nzi wamenifukuza kila mahali. Ndoo hii ina dagaa, iko wazi, na haina nzi hai hata mmoja. Walioko wamekufa."

Selina alifungua mdomo. Kabla hajasema, Odeta alitokea mlangoni mwa jiko. Alijiegemeza. Mate yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa kiwiko.

"Mama, tumbo linanisokota."

"Umekula nini, mwanangu?"

"Dagaa za kwenye ndoo. Asubuhi nilikuwa na njaa. Nilikula na Ngosha. Moja yake, moja yangu."

Ndipo ile hofu ambayo Selina hakutaka kuitazama ikasimama mbele yake, na ilikuwa na uso wa mtoto wake.

"Nilinyunyiza dawa," alisema. "Dawa ya nyanya. Ilikuwa kwa ajili ya nzi. Daktari, nimekudanganya."

"Sawa. Sasa umesema kweli, na hilo ndilo litakalomsaidia," alijibu Kokugonza. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini mikono yake ilikuwa tayari inafanya kazi. "Mnawishe mikono na uso kwa maji mengi na sabuni. Mvue sare hiyo."

Bibi Malimi alikuwa ameshachukua kikombe cha maziwa.

"Bibi, tafadhali, yaache maziwa. Asipewe kitu. Wala asitapishwe kwa kidole au kwa maji ya chumvi. Sumu ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu, ikawa mbaya zaidi. Hiyo dawa iko wapi?"

Selina alileta ile chupa ya maji. Kokugonza aliigeuza. Haikuwa na jina wala maandishi.

"Hii haiwezi kumwambia daktari wa watu chochote. Chupa yake halisi anayo nani?"

"Shimba."

Bibi Malimi hakungoja kutumwa. Alijitanda kanga, akaenda. Hakuna aliyewahi kumwona Bibi akitembea namna ile. Alirudi na chupa halisi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Lebo yake ilikuwa na picha ya fuvu. Bajaji aliyoiita Kokugonza ilikuwa imeshafika.

Katika kituo cha afya, tabibu aliisoma lebo mara moja. Aliangalia mboni za macho ya Odeta, zilizokuwa ndogo kama punje za ulezi. Akaagiza dawa, na muuguzi akamchoma mtoto sindano.

"Ni vizuri mmekuja na chupa," alisema tabibu. "Wengine huja mikono mitupu, tunabaki kubahatisha."

"Atapona?"

"Alikula kidogo, na amewahi. Tunamwangalia."

Selina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Odeta alikuwa amelegea, miguu imenyooka juu ya shuka. Selina alipoiona miguu hiyo alikumbuka shingo ya kobe. Alinyoosha kidole, akakipitisha kwenye unyayo wa mtoto. Nyumbani, Odeta alikuwa hawezi kuvumilia kutekenywa. Alikuwa anauvuta mguu na kupiga kelele.

Mguu haukutikisika.

Alingoja. Nje mvua ilipiga mabati. Muuguzi alikuja, akapima, akaondoka. Selina alisali bila maneno. Alijaribu tena. Mguu ulikuwa kimya. Alikunja kidole chake, akakibana ndani ya ngumi, kwa sababu aliogopa kujaribu mara nyingine.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama alipojaribu. Alipitisha kidole polepole, kutoka kisiginoni mpaka kwenye vidole.

Mguu uliruka nyuma.

"Mama, unanitekenya," alisema Odeta kwa uchovu. "Acha bwana."

Selina aliinamisha kichwa juu ya shuka.

Waliruhusiwa kesho yake. Nyumbani walimkuta Kokugonza uani. Alikuwa amempigia simu mwalimu wake wa chuo, akauliza habari za kobe, kisha akamchoma Ngosha sindano. Alikuwa amemwosha kwa maji safi na kumweka kwenye beseni jipya, maji machache tu, kichwa kikiwa juu ili asizame.

"Yuko hai," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi kuahidi. Kobe huugua polepole, na hupona polepole."

Shimba naye alikuwepo, amesimama kando na jembe mkononi. Hakuinua macho.

"Mama Odeta, mimi nilidhani jua linaiunguza."

"Hata mimi nilidhani, kaka. Tulidhani wote wawili."

"Jua haliiondoi," alieleza Kokugonza. "Kuosha hakutoshi. Kupika hakuiondoi. Dawa ya shamba ni ya shamba, na hata huko, baada ya kupiga dawa kuna siku za kungoja kabla ya kuchuma. Zimeandikwa kwenye lebo. Shimba, wewe unazingoja?"

Shimba alikwaruza ardhi kwa jembe. "Nitaanza kuzisoma."

"Na usiimimine tena kwenye chupa ya maji. Siku moja mtoto atakuwa na kiu."

Bibi Malimi alitikisa kichwa. "Kumbe mchawi alikuwa ndani ya chupa. Na mimi nilikuwa namtafuta kwa majirani."

Mfanyabiashara alikuwa ameshapigiwa simu na Selina, akageuza gari. Magunia bado yalikuwa ukutani. Selina aliyatazama. Ulikuwa mtaji wake wa mwezi mzima.

"Naweza kuwapa kuku?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Wala ziwani usitupe. Samaki watakula, na sisi tutawala samaki. Tuchimbe shimo refu mbali na maji na mbali na kisima."

Shimba ndiye aliyechimba, na hakutaka kusaidiwa.

Masele aliporudi kutoka Nansio alisikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akachukua panga, akakata miti. Alijenga chanja ndefu, kimo cha kiuno, ili hewa ipite juu na chini ya dagaa. Juu yake waliweka neti ya kuzuia nzi, na pembeni turubai la kufunika mvua ikija. Dagaa zilikauka bila mchanga, na wanawake wengine wa mwaloni wakaanza kujenga chanja zao.

Siku moja mfanyabiashara alikuja. Alisimama mbele ya chanja, akakunja uso.

"Mama Odeta, mbona nzi wanazunguka hapa?"

"Wako juu ya neti, hawagusi dagaa. Lakini wanazitamani," alisema Selina. "Waangalie vizuri. Na siku ukikuta dagaa ambazo nzi anazikimbia, na wewe kimbia."

Mfanyabiashara alicheka. Alishika dagaa chache, akazinusa, akachukua zote.

Uani, Odeta alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Kokugonza alikuwa amewaeleza kwamba kobe wa ziwani ni mnyama wa pori, na hafugwi bila ruhusa. Maafisa wa wanyamapori wakaelekeza kwamba, akipata nguvu, arudishwe kwenye mafunjo alikotoka. Odeta alikuwa amelia, kisha akakubali. Lakini mpaka siku hiyo kobe alikuwa bado hajajificha. Alikuwa anakula kidogo na kutambaa kidogo, lakini ukimgusa, shingo ilibaki nje.

Selina alisimama nyuma ya mtoto. Odeta alinyoosha kidole, akagonga gamba.

"Hodi."

Shingo ilitetemeka. Kisha, polepole kama mwanamume aliyetumwa kuchota maji, Ngosha aliikunja upande, na kichwa kikaingia chini ya gamba.

Odeta aligeuka, akamtazama mama yake.

"Hayupo," alisema.