Dakika Nne za Biira

Ijumaa hiyo soko la Mpondwe, mpakani, lilikuwa limefurika. Wamama wa Kongo walivuka na madumu ya mawese, wa Bwera wakawangoja na vitunguu, na katikati ya kelele hizo Sylivia Biira alikuwa akibishania bei ya kitenge cha buluu aliposogezewa kinasa sauti mdomoni.

"Nyabo, dada, sema kitu kwa redio ya Kasese."

"Niseme nini? Sikujui."

"Naitwa Nobert Mugume. Sasa unanijua."

Biira alicheka kabla hajajizuia. Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kiaskari, na kweli baba yake alikuwa polisi kutoka Kabale, akikaa kambini Kasese. Biira mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa pili katika chuo cha ualimu pale Bwera.

Zikaanza simu za Nobert, asubuhi na mchana.

"Umekula, sheri?"

"Nimekula. Na acha hiyo sheri ya Kifaransa, wewe si Mukongomani."

"Basi nikuite nani?"

"Niite Biira mpaka upate akili."

Jumapili moja walikutana Kikorongo. Walikula nyama ya kuchoma kando ya barabara, malori yakiwapulizia vumbi, na hapo Biira akamwambia jambo ambalo hata rafiki zake wa bweni hawakulijua.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shuleni walitupanga mstari, wasichana wote, tukapimwa mimba kwa lazima. Mimi nikakutwa nayo, nikafukuzwa mbele ya watu wote. Nilitembea kwa miguu mpaka kwetu Rukoki. Mtoto alizaliwa amekufa."

Nobert akaacha kula.

"Sasa chuo chetu nacho kimeanza mstari uleule. Nataka kusema, Nobert. Ni maisha yangu, nina haki ya kuyasema."

"Njoo usemee kwetu. Kipindi cha wanafunzi, Jumamosi."

Alirekodi dakika nne. Jumamosi wasichana wa bweni walizunguka redio, naye Biira akikunja na kukunjua pindo la sketi yake. Sauti yake ikatoka: safari ya miguu, mtoto, kilio. Halafu muziki. Mstari haukutajwa. Chuo hakikutajwa.

Kufika Jumatatu wasichana walikuwa wakinong'ona bombani, "Ndiye yule aliyezaa maiti." Mchana mkuu wa chuo akamwita: aandike barua ya kuomba radhi kwa kukiaibisha chuo na habari za mimba redioni, la sivyo hatafanya mtihani.

Alimpigia Nobert.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Meneja alikulazimisha?"

"Hapana. Niliogopa watakufukuza. Na baba alinionya nisiingize jina letu kwenye maneno ya chuo."

"Ukaacha machozi yangu, ukatoa maneno yangu! Sasa mimi ndiyo mutu wa kuchekwa, na wao beko safi, hawana doa. Usinipigie tena."

Nobert alipiga mara kumi na moja. Biira hakupokea. Wiki ile hakuweza kutulia mahali. Alitoka bwenini akaenda sokoni, hakununua kitu, akarudi. Barua aliianza mara tatu, "Mimi, Biira Sylivia, naomba...", na mara tatu akaichana.

Jumamosi iliyofuata alikuwa saluni kwa Wivine, Mkongo mcheshi, nusu ya kichwa imesukwa, simu ilipoleta ujumbe: Fungua redio. Sasa hivi.

"Nani anakusumbua?" Wivine akauliza.

"Mutu."

"Mutu wa roho?" Na Wivine akaifungua redio yeye mwenyewe.

Sauti ya Nobert ilikuwa kavu. "Wiki iliyopita nilikata maneno ya msichana mmoja bila kumuuliza. Kosa ni langu. Leo sikilizeni yote."

Dakika nne nzima. Mikono ya Wivine ikasimama kichwani kwa Biira. "Mungu wangu," alisema polepole, "hata mimi walinifanyia hivyo."

Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mmoja alitukana. Wengi walikuwa wazazi. Jioni Nobert hakuwa na kazi tena.

Jumatatu Biira alisimama mbele ya kamati ya chuo. Nje ya geti walikuwapo wazazi wanane ambao hakuna aliyewaita.

"Barua iko wapi?" mkuu wa chuo akauliza.

"Sikuandika. Nilichosema ni kweli. Mkitaka kunifukuza kwa sababu nimesimulia maisha yangu, ninyi ndio mniandikie barua, mseme hivyo."

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kuweka sahihi chini ya maneno kama hayo. Wakamwambia aende akafanye mtihani. Muhula uliofuata mstari haukupangwa, ingawa hakuna aliyesema pole.

Jumatatu ileile, alipotoka kwenye kamati, Nobert alikuwa akimngoja getini, viatu vimejaa vumbi.

"Nimekuja kuomba msamaha uso kwa uso."

"Na kazi?"

"Mweya, kule mbugani, wanatafuta dereva wa watalii."

"Unajua kuendesha?"

"Kidogo."

Biira akacheka, kisha akalia, akakasirika kwamba analia.

"Biira, nataka kuja kwa mama yako. Nije na wazee, kwa heshima."

"Ngoja usikie. Naandika yote haya, watu wasome. Ulivyokata nitaandika, na baba yako alivyokuonya. Kwa majina. Bado unataka kuja?"

Nobert akakung'uta vumbi la kiatu.

"Baba ni afande, atanifukuza nyumbani."

"Najua."

Nobert akamshika mkono pale mbele ya wazazi wote.

"Andika. Halafu unionyeshe: Rukoki nikishuka kwa boda, nyumba ya mama yako iko upande gani?"