Begi Lisilolemea

Begi la kuwindia halichaguliwi kwa macho, huchaguliwa kwa mgongo. Hilo nalijua vizuri, na ndilo lililonipeleka kwa fundi wa mabegi jioni ile, wakati wenzake mtaani wameanza kufunga maduka. Begi langu la zamani lilikuwa limekatika mkanda mteremkoni, paja la kongoni likanibwaga kifudifudi mbele ya Redio, mwenzangu wa kuwinda. Kabla sijamaliza kujipangusa matope, mji mzima ulikuwa na habari. Tunamwita Redio kwa sababu hana swichi ya kuzimia.

Fundi alikuwa peke yake kibandani. Mlinuka gundi na turubai, na chini yake harufu nyingine... jasho la mtu aliyefanya kazi ngumu. Fundi mwenyewe alikuwa mkavu kabisa.

Alinipima kwa kamba, kutoka pingili ya shingo hadi kwenye nyonga. Nikalishika begi la kwanza, nikalifinya.

"Hili lina kelele," nikamwambia. "Mnyama atanisikia kabla sijamwona."

La pili lilikuwa zuri ila halina mkanda wa kiunoni. Mtu ukitaka kubeba nyama mlima mzima, uzito ukae nyongani. Ukikaa mabegani, kesho huinuki. Nikalirudisha.

Ndipo akaenda nyuma, akaangua moja lililotundikwa peke yake. Turubai la kijivu, fremu ya chuma, mkanda wa kiunoni mpana kama kiganja. Akalijaza mifuko ya mchanga mpaka mishono ikalia. Akanivika, akanifunga. Nikatanua miguu, nikausubiri uzito.

Haukuja.

"Umeweka mchanga kweli, fundi?"

"Geuka utazame."

Kulikuwa na kioo ukutani. Begi lilikuwa limevimba kama gunia la mkaa. Nikaruka. Nikaruka tena. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

"Nyumbani nani anakungoja?" akaninong'oneza huku akikaza mkanda.

Nikadhani ni maneno ya kumchangamsha mteja. "Dada yangu."

"Anakungoja kweli, au analala?"

"Yule? Hafumbi jicho mpaka anione mlangoni."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata kipimo alichokitaka. "Basi litakufaa."

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, yeye bado msichana, aliacha shule, akajifunza kushona, akanisomesha kwa cherehani. Wachumba walikuja, wakamkuta ana mtoto mgongoni, wakaaga. Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Mpaka leo tunaishi nyumba moja, na sijawahi kumsikia akinisimanga.

Safari ya kwanza na begi lile tulipata kongoni dume, kwa kibali chetu cha halali. Redio alibeba mikono ya mbele. Mimi nilibeba mapaja yote mawili na mbavu, nikapanda kilima napiga mluzi.

"Wee bwana!" Redio akaita kutoka chini, anahema. "Leo umekula nini? Au umeota kwato?"

Nikacheka. Loo, nilijiona mwanamume.

Nilifika nyumbani giza likiingia. Dada alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye cherehani.

"Dada?"

"Nipo. Mgongo tu umenishika, mdogo wangu. Tangu asubuhi, nimekaa zangu tu."

Nikachukua dawa ya kuchua. Nikashusha kola ya gauni lake kidogo ili nimpake.

Mkono wangu ukasimama.

Mabegani palikuwa na mistari miwili mipana, myekundu, iliyodidimia. Nyuzi za turubai zilikuwa zimejichora kwenye ngozi yake. Na alipoguna nikaona amejishika kiunoni, pande zote mbili, pale pale mkanda unapokaa.

Nilijua. Nisizunguke mbuyu, nilijua palepale. Lakini nikamfunika, nikasema, "Utakuwa umekaa vibaya, Dada."

Kesho yake nikamwendea fundi nimevimba kwa hasira.

"Uzito unakwenda wapi?"

Hakuinua macho kwenye sindano yake. "Uzito haupotei, ndugu yangu. Anaubeba anayekungoja."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuuliza nani anakungoja. Ungeniuliza kwa nini nauliza, ningekwambia."

"Nani aliyelitengeneza?"

"Nilipokirithi kibanda hiki nililikuta ukutani. Aliyelitundika sikumwona." Akakata uzi kwa meno. "Mimi silipokei tena. Limeshauzoea mgongo wako. Kama hulitaki, usilivae. Basi."

Usilivae. Jambo jepesi namna hiyo!

Nikalivaa.

Mwenye bucha tunayemuuzia nyama alikuwa na karamu kubwa ya kuilisha, akataka nyama nyingi kwa mpigo. Na Redio alikuwa ameshanitangaza kila kijiwe, watu wananiita Trekta, wananipisha njiani. Wazee waliokuwa wakinicheka kwa ile ajali ya mteremkoni sasa walinisalimu kwanza wao. Utamu ule sijui niuelezeje. Nikajidanganya kuwa Dada ni mtu wa kazi, mgongo wake umezoea, nikirudi nitamnunulia dawa nzuri ya kuchua. Mara moja ya mwisho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nililibeba kanda langu la usufi nikiwa na akili timamu. Asubuhi ile Dada alinisindikiza mpaka mlangoni, ameshika kiuno. "Usichelewe," akaniambia. Sikumtazama usoni.

Tulipata nyati. Nyama ya mnyama mkubwa hubebwa kwa safari mbili au zaidi. Unachukua unachoweza, iliyobaki unaitundika juu ya mti fisi wasiifikie, unairudia. Ndivyo tulivyofunzwa wote.

"Tugawe safari," Redio akasema.

"Safari za nini? Weka."

"Weee, utakufa."

"Nimesema weka!"

Akaweka. Paja juu ya paja. Fremu ikapinda, ikalia. Nikainuka kama mtu aliyebeba furushi la nguo. Redio akaacha kunitania, akabaki ananiangalia. Nikamwacha nyuma.

Nilikuwa karibu na kilele, jua limegusa miti, nilipoisikia.

Pumzi.

Haikuwa yangu. Mimi sikuwa nahema hata kidogo. Ilikuwa nyuma ya sikio langu la kulia... inavutwa kwa shida, inakatika, inavutwa tena. Kisha harufu ikanifikia. Mafuta ya cherehani, na ile dawa ya kuchua niliyompaka kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mdogo wangu..."

Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Mdogo wangu, tupumzike kidogo."

Nikapiga ukelele. Nikafungua mkanda wa kiunoni, nikaivua mikanda ya mabegani, na kwa mazoea ya miaka yote nikalining'iniza begi juu kwenye kisiki cha tawi, fisi wasilifikie. Nikakimbia. Redio akaniita kutoka chini, "Nyama je?" Kichwani nilikuwa na neno moja: nimelivua, sasa amepona. Nimelivua, sasa amepona.

Dada alikuwa sakafuni. Amepiga magoti, viganja chini, kichwa kimekaribia kugusa saruji. Hapakuwa na kitu juu yake. Lakini gauni lake lilikuwa limebonyea mgongoni, limekazwa, kama kuna kitu.

"Nimelivua, Dada! Nimelivua, inuka!"

Hakuinuka.

Hapo ndipo akili ilipoingia kichwani. Nililivua, sikulitua mzigo. Nyati mzima alikuwa bado begini, ananing'inia gizani, na uzito haupotei.

Nikalala sakafuni uso wangu uelekeane na wake. Nikamwambia yote. Fundi, begi, alama nilizoziona nikazifunika. Nililia mpaka kamasi.

"Nilijua ni wewe," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nimekubeba tangu hujaweza kushika shingo. Nikusahau wewe?"

"Sasa kwa nini hukuutupa, Dada? Ungejiangusha tu, ungeuachia!"

Akanishangaa, kama nimeuliza jambo la kitoto. "Si ungekuangukia wewe?"

Afadhali angenitukana.

Nilitaka nirudi palepale, akanishika suruali. Giza limeshaingia, akasema, nisimwache peke yake. Alfajiri nikaenda na Redio. Mti tuliupata. Kisiki cha tawi kipo, damu imekauka kwenye shina. Begi halikuwepo. Hapakuwa na unyayo wa fisi wala wa mtu, wala jani lililokanyagwa. Redio akatazama juu, akatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Mpaka leo hajamhadithia mtu.

Fundi aliponisikiliza aliweka sindano chini. "Aliyelivaa ndiye wa kulitua mzigo," akasema. "Litafute." Nikamwomba, nikampigia magoti. Akaniambia hana jingine analolijua, na nadhani alisema kweli.

Basi nalitafuta. Kila kukicha natoka, kila jioni narudi mikono mitupu. Daktari alimpima Dada, akasema mifupa ni mizima, apumzike. Apumzike! Sasa hata kulala hulala kwa magoti.

Nimemwambia asiningoje. "Lala, Dada. Jifanye hukuwahi kuwa na ndugu. Nisahau." Akaniahidi atajaribu. Na kila nikirudi nakuta taa inawaka na macho yake yako mlangoni. Nikamwambia nitahama mji. Akasema nikihama ndiyo hatafumba jicho kabisa.

Leo nimerudi jua likizama. Njiani nilikuwa najipa moyo kwamba nyama imeshaoza, imeshaliwa na funza, lazima mzigo umepungua. Nikachuchumaa karibu naye.

"Umepungua kidogo, Dada?"

Akatupa jicho mlangoni. Kisha akanivuta kwa kola, akaniletea mdomo wake sikioni.

"Umezidi," akanong'ona. "Kuna kitu kimeingia humo begini. Kinapumua. Na tangu mchana kinaniuliza wewe utarudi saa ngapi."

"Umekijibu nini?"

"Nimekiambia simngoji mtu," akasema. Machozi yalikuwa yakimdondoka sakafuni. "Kwa hiyo ongea chinichini, mdogo wangu, kisikusikie."