Ufunguo wa Tatu

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa, na muuguzi mmoja aliyevaa gauni la maua na viatu vya kazini alikuwa akivutana na muuzaji juu ya vitasa.

"Nataka chenye funguo tatu. Mbili za mpangaji, mmoja wangu."

"Na mpangaji mwenyewe?" Sauti ilitoka nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri na kucha zenye grisi. Alikuwa fundi friji.

"Sijampata."

"Umempata. Twende ukanioneshe."

Nyumba, ambayo muuguzi aliachiwa na shangazi yake, ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Kaka yake alishamwonya: "Usimpangishe mtu anayekuchekesha." Lakini huyu aliingia na kalamu, wakaandika pamoja hali ya kila kitu kabla ya kutia saini. Ufa juu ya dirisha. Bomba la jikoni linavuja. Mlango wa bafu unagoma.

"Andika na mwenye nyumba," fundi alisema. "Anacheka upande mmoja."

"Hilo halirekebishiki."

Wiki ya pili simu ililia. "Bomba limeanza tena."

"Linavuja?"

"Hapana. Nimekosa sababu nyingine ya kukupigia, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kupanga, na muuguzi hakulikataa. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wapenzi waziwazi, na kaka mtu alinuna.

Jumanne moja muuguzi alitoka kazini mapema. Akachukua ule ufunguo wake wa tatu, akafungua nyumba fundi akiwa hayupo. Alifagia, akakunja mashati yote ya fundi, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa. Tumsamehe kidogo: hakuwahi kuwa na mpangaji, na katika mapenzi pia hakuwa mzoefu.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni, akaziangalia bisibisi zake.

"Umeingia kama nani?" aliuliza.

"Nimekufanyia usafi, na unaniuliza hivyo?"

"Mwenye nyumba hupiga simu kwanza. Mpenzi huingia kwa ufunguo niliompa mimi, na mimi sijakupa. Kwa hiyo kama nani?"

"Nyumba ni yangu," alisema muuguzi, na alitamani kuyameza maneno yale kabla hayajaisha kumtoka.

Kesho yake barua ilipitishwa chini ya mlango wa muuguzi. Fundi alikuwa akitoa notisi ya mwezi mmoja.

Muuguzi alilia katika chumba cha mashuka hospitalini, akanawa uso, akarudi wodini. Alifika kwenye pazia la mgonjwa. "Hodi, naweza kuingia?" alisema, kama alivyosema kila siku kwa miaka sita. Mkono ukabaki juu ya pazia. Mgonjwa ambaye hata jina lake hakulijua alimwomba ruhusa. Mtu aliyempenda hakumwomba. Alimpigia fundi simu jioni ile kumwambia hivyohivyo. Fundi alisikiliza, akashukuru, lakini notisi hakuiondoa.

Siku ya kuhama walisoma ile karatasi tena. Ufa umezibwa. Bomba halivuji. Mlango wa bafu unafungika kwa kidole kimoja. Vyumba vilikuwa vitupu.

"Funguo mbili," fundi alisema, akaziweka mezani.

Muuguzi akaweka wa tatu kando ya hizo mbili. "Mpangaji ajaye ataukuta kwenye bahasha iliyofungwa. Unahamia wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba wangu ni mzee, hakunji mashati ya watu."

Muuguzi alicheka upande mmoja, machozi yakimlenga. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mpya, akauweka kwenye kiganja chake na kukifunga.

"Huu ni wa kwangu. Nimekupa mimi. Na nikishakupa huu, jua namtafuta kaka yako kuzungumza naye ya ndoa. Njoo muda wowote."

"Nitapiga simu kwanza," alisema.