Brijiti na Norini Chumbani kwa Harub

Harub alikuwa mtu wa kutokewa na mambo. Wenzake waliyafuata mambo, yeye mambo yalimfuata mpaka sokoni Matrah, Oman, katikati ya watu, mwishoni mwa mwaka 1970. Kanzu yake nyeupe ilipigwa pasi ikanyooka, kofia kaivaa vizuri, na mkononi alibeba kikapu cha ukili chenye mfuniko. Alipofika mbele ya duka la nguo mfuniko ulinyanyuka, na kichwa chekundu kikachungulia.

Wateja walitawanyika wakipiga kelele. Alibaki msichana mmoja tu, ndani ya buibui, pindo la gauni lake la kijani likionekana chini, wanja umemkaa machoni.

"Kaka, huyo nyoka wako ananiangalia sana," alisema kwa Kiswahili cha Unguja. "Hajafunzwa adabu?"

"Hana sumu, dada. Ni nyoka wa Marekani, wa mashamba ya mahindi. Wako wawili."

"Wanaitwaje?"

"Bado hawana majina."

"Makubwa! Umewachukua wenzio mpaka sokoni hata jina hawana?"

Hapo Harub alikwisha. Alirudi kwa shangazi yake, Bi Masouda, aliyemlea, akiwa na nyoka wawili na jina moja tu kichwani, la msichana yule: Mahfoudha.

Nyoka hao alipewa asubuhi ile na Bwana Fergus, mhandisi kutoka Ayalandi, mkubwa wake kwenye kampuni ya mafuta kule Azaiba, aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja. "Kwetu hakuna nyoka hata mmoja," Fergus alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Wape majina ya kwetu, angalau tuwe nao wawili." Harub alikubali, kama alivyokubali kila kitu. Jina la Muislamu hakuthubutu kumpa mnyama, na ya Ayalandi alikuwa akiyajua kwa kusikia tu, maana Fergus hakunywa chai bila ya kutaja mama, dada na shangazi zake wote.

Kazi ya Mahfoudha ilikuwa kupokea simu katika ofisi moja ya serikali, Maskati. Harub alipolijua hilo akawa anampigia kutoka Azaiba kila mchana.

"Haya, leo umeniletea nani?"

"Deidre."

"Huyo kama ana homa. Lete mwengine."

"Una."

"Nikimwita mbele za watu wataniuliza nna nini. Mwengine!"

"Brijiti. Ndiyo jina la mamake Bwana Fergus."

Mahfoudha alilionja jina kimyakimya. "Awe yule mnene, mpenda usingizi. Na mwembamba?"

"Norini."

"Norini," alisema taratibu, na Harub akaona wivu kwa nyoka. "Na mie nikija kwako, roho yangu, utanipa jina gani?"

"Mama watoto."

Mahfoudha alicheka mpaka mkubwa wake akakohoa, na wiki ile ile posa ikapelekwa kwa kaka yake, Suud, aliyekuwa walii wake baada ya baba yao kufariki.

Suud hakuwa mtu wa kuozesha dada yake gizani. Alikwenda mwenyewe kumpeleleza mposaji, na alifika baada ya Magharibi, Harub hayupo. Bi Masouda alimpokea kwa kahawa na halua. Sasa Bi Masouda alilelewa akiambiwa kwamba jua likishazama, neno nyoka halitoki mdomoni mwa mtu mwenye akili zake, maana ukimtaja usiku unamwita. Hata Maskati, hata akiulizwa, halitoki.

"Mnaishi wangapi hapa, Bi Masouda?"

"Mimi na Harub, baba. Na Brijiti na Norini."

"Nani hao?"

"Wa Harub. Kaletewa na Mzungu wake. Hawana makuu masikini, wanalala huko chumbani mwake, hawatoki."

Suud aliiacha halua mdomoni haijamezwa. Alirudi nyumbani akamwambia dada yake posa imekatika, mtu ana wanawake wawili wa Kizungu kitandani.

Mahfoudha alicheka, na hilo ndilo kosa lake. "Si wanawake, kaka! Ni nyoka. Majina nimewachagulia mimi."

Suud alikaa chini. "Wallahi afadhali wangekuwa wanawake," alisema. "Mwanamke huachwa akenda kwao. Hao watakwenda kwao wapi?" Akatoa neno lake: Harub awaondoe, au asikanyage tena mlango wake.

Harub aliposikia alipiga simu. "Nifanye nini, Mahfoudha? Nikiwatupa majabalini watakufa."

"Usiwatupe. Nipe muda niseme na kaka."

"Na akikataa?"

"Nipe muda, Harub."

Muda ndio kitu ambacho Harub hakuweza kumpa mtu. Hakulala, hakula. Alikuwa akimwona Mahfoudha anaolewa na mwengine, na yeye anatazama. Wenzake kazini aliwabembeleza mmoja mmoja wamchukulie nyoka, wakamkimbia. Mwisho alitokea rubani Mwingereza aliyewataka kwa ajili ya wanawe kule Bahrain, na ndege inaondoka saa ile ile. Harub alimkabidhi kikapu uwanjani Azaiba. Mara ya kwanza maishani aliona ametenda jambo.

Alikimbilia simu. "Mpenzi, yamekwisha! Wamekwenda Bahrain, wazima, wala hawakuumia."

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Mahfoudha?"

"Kaka kakubali asubuhi," alisema. "Nimemlilia usiku kucha. Nimemwambia, Unguja tuliambiwa tokeni, tukatoka. Nimeacha nyumba, nimeacha kaburi la mama, nimeacha paka wangu juu ya ukuta ananitazama. Sitaki tena kuambiwa kiondoshwe kitu nnachokipenda. Akalia na yeye. Akasema basi, nawakae."

"Sikujua, wallahi. Niliogopa nitakukosa."

"Najua uliogopa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Harub zaidi. "Lakini siku watu watakapokwambia niondoke mie, utanitafutia rubani?"

Harub alitaka kuapa, na kila kiapo alichokitafuta alikiona kidogo.

"Posa yako imekubaliwa, Harub. Kaka anakungoja Ijumaa. Sasa mie ndiye nisiyejua."

"Nije au nisije?"

"Sijui. Kweli sijui."

Alikuwa akilia, Harub alimsikia. Simu hakuweza kuiweka chini. Mahfoudha naye hakuiweka. Walibaki hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka wenye kazi zao wakaanza kuidai simu.