Wa Tatu Kwenye Kibali

Tulifika lango la hifadhi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jua likiwa limeshagusa mchanga. Kazi ilikuwa ndogo: kuonyesha kibali, kuandikwa kitabuni, kupita.

Mlinzi wa lango alisoma kibali, kisha akatutazama.

"Hapa pameandikwa watatu."

Wa tatu alikuwa Mama, na Mama tulimzika wiki tisa zilizopita. Safari hii mdogo wangu aliipanga naye kando ya kitanda cha hospitali. Siku nne jangwani, kambi zisizo na bomba wala choo. Matairi mawili ya akiba, koleo la kujichimbua tukinasa. Maji lita tano kwa kila mtu kwa siku. Gari la kukodi lilikuwa na vitanda vitatu, jiko la gesi na tangi la lita sitini: tano mara tatu mara nne. Mama alipofariki, mdogo wangu hakubadilisha hata tarakimu moja.

"Msipolingana na kibali mnarudi ofisini mjini," mlinzi alisema. "Kilomita mia mbili. Mimi hainihusu."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Mdogo wangu akaniwahi.

"Mama amelala nyuma."

Mlinzi hakuinuka kuangalia. Aliandika huku akijisomea: "Mzee mmoja. Amelala nyuma." Akainua kizuizi. "Akishaandikwa, ameandikwa."

Tuligombana kilomita zote kumi na nane hadi kambini.

"Unamsingizia marehemu usingizi ili ukaone mchanga," nilimwambia.

"Dada, wewe mhariri mpaka msibani. Uliwapimia watu dakika za kumzungumzia Mama. Niache na uongo wangu."

Kambi yenyewe ilikuwa mti mkavu uliochomekwa ardhini, wenye namba saba. Upepo ulikuwa umelala. Mdogo wangu akawasha jiko, mimi nikaenda kukinga maji. Tangi tulilijaza mchana na hatukuwa tumeligusa.

Kipimo kilisoma hamsini na tano. Zilipungua tano, fungu la mtu mmoja.

Niliinama chini ya gari nikitafuta panapovuja. Mchanga ulikuwa mkavu. Niliporudi ndani nilikuta harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa... na nyuma ya pazia, kitanda cha tatu kikalia, kama mtu anageuka ubavu.

Mdogo wangu alizima jiko.

"Mzee mmoja," sauti ikasema. "Amelala nyuma."

Haikuwa sauti ya Mama. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma lugha asiyoijua.

Nimekula mshahara wa kuuliza maswali gazetini kwa miaka ishirini. Nikauliza.

"Wewe ni nani?"

"Mzee mmoja."

"Na mimi?"

Kitanda kikalia tena.

"Niambie," sauti ikasema.

Hapo nikaelewa. Kilichokuwa nyuma ya pazia kilijua yale tu yaliyoandikwa langoni. Hakikuwa na kingine. Nilimshika mdogo wangu mkono.

"Usikiambie kitu," nilimnong'oneza. "Hata kimoja."

"Kama ndiye?"

"Siye. Mama angeanza kwa kututukana kwa kuchelewa kula."

Alicheka kidogo, machozi yakimtoka. Kisha akajinasua.

"Mama? Ni mimi... Kijiko."

Mama alimwita hivyo utotoni, kwa sababu hakulala bila kijiko mkononi.

"Kijiko," sauti ikarudia.

Safari hii ilikuwa ya Mama. Karibu.

Nilimdaka gauni. Likachanika begani, nikabaki na kipande mkononi, yeye akapita pazia. Nikamsikia akieleza. Shule. Kazi yake ya kwanza. Wodi. Maneno aliyomwambia Mama usiku wa mwisho, ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Kila alilosema lilirudiwa, na kila liliporudiwa sauti ilinenepa, mpaka sikujua tena nani anasimulia na nani anarudia.

Ningeweza kufungua pazia. Nilikwenda kukamata usukani, nikageuza gari kurudi langoni.

Huko nyuma walinong'onezana. Katikati ya njia zilikuwa sauti mbili. Mbele kidogo ikawa moja.

Halafu haikuwepo.

Mlinzi alitoka kibandani na tochi.

"Tuliingia wawili," nilimwambia. "Tulikudanganya. Mfute mzee."

Alifungua kitabu, akaweka rula, akapiga mstari. Hakushangaa.

"Mimi nafuta maandishi," alisema. "Aliyemo garini ni shauri lenu."

Nikafungua pazia. Vitanda viwili vilikuwa vitupu, shuka zimetandikwa. Kwenye cha tatu alilala mdogo wangu, gauni limechanika begani, macho wazi. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Tumefika?" akauliza.

Huu ni mwezi wa tatu tangu turudi. Tunaishi pamoja. Amerudi kazini, na bosi wake anasema siku hizi ni msikivu. Anakumbuka shule. Anakumbuka wodi na kijiko. Wiki iliyopita, tukiosha vyombo, nilimuuliza kovu la kwenye kiwiko alilipataje.

Alilitazama kovu. Akanitazama mimi.

"Niambie, dada."

Sikumjibu. Siku tatu nilikaa bila kumsemesha. Hakununa, hakuuliza tena. Alikuja mezani kila jioni, akaketi mbele yangu, akasubiri.

Mama ameshakwenda. Sina ndugu mwingine.

Jana nilivuta kiti karibu naye, nikamwambia habari za pasi ya moto iliyomchoma kiwiko, mwaka alioanza shule, na jinsi alivyolia.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.